Salamu Zilizomeza Radhi

Simu ililia mara ya nne.

Mlimwacha Restituta, msichana wa kazi, wiki iliyopita amekwama mlangoni mwa chumba cha Bi Mahbuba, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, bakuli la uji mkononi. Huku simu ya sebuleni inalia. Huku bibi kizee amefungua mdomo aseme, na mdomo umetoa pumzi tu.

Hamkukosa kitu. Bado amesimama pale pale.

"Bibi," akasema Resti. "Sema hata 'nitokee hapa', kama ulivyozoea."

Bi Mahbuba akamtazama. Jicho la kulia lilikuwa kali kama jana. La kushoto lilikuwa limelegea tangu alfajiri, na upande huo wa mdomo umeshuka, uji unachuruzika taratibu kuelekea kidevuni.

Mara ya tano.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitakwenda mbio, maana simu haimngoji mtu. Nyumba hii iko Ghubra, Maskati, na mwaka ni tisini na nane, mwezi wa tatu. Anayepiga simu ni Saeed, mwana pekee wa Bi Mahbuba. Yuko Ulaya, mto Danube, yeye na mkewe Balqees, wanatembezwa kwa meli kutoka mji hadi mji.

Balqees alitumbukiza kuponi kwenye pipa la bahati nasibu la supamaketi, roho yake yote iko kwenye friji la milango miwili. Friji likaenda kwa jirani. Yeye akaangukiwa na safari ya watu wawili, siku nane mtoni, katika majira ambayo wenyeji wa huko wenyewe bado wamejifungia ndani wanaota moto. Saeed, mstaafu wa wizara ambaye maisha yake yote hakupata kupanda ndege bila barua ya mkubwa wake, akafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Mama yake akamwambia mlangoni, mabegi yako mkononi: "Unaniacha kitandani, unakwenda kutembea na mto wa watu. Nenda. Lakini radhi yangu iache hapa hapa kizingitini."

Naye akaenda. Siku ya tatu moyo wa bibi ukaanza kuchoka. Daktari alikuja mpaka chumbani, akasikiliza, akakunja vifaa vyake, akasema kwa upole kwamba hana la kuongeza. Tangu siku hiyo Bi Mahbuba ana shughuli moja tu duniani: alirudishe neno lake. Na alirudishe kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha mtu.

"Radhi haitumwi kama kikapu cha sokoni," alimwambia Resti. "Mimi ndo niloinyima, mimi ndo nitakayeitoa. Weye usije ukamwambia chochote kwa niaba yangu. Niapie."

Resti aliapa, kwa Bikira Maria wake wa Bukoba, na bibi akakubali kiapo hicho bila kinyongo.

Simu zilikuja mbili kabla ya hii. Zote mbili alizipoteza Resti. Saeed alipiga kwenye vibanda vya njiani, kwa kadi, kila meli ilipotia gati. Na mambo yalikwenda hivi:

"Shikamoo bwana."

"Marahaba, Resti. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Khabari za huko?"

"Njema, bwana."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ila..."

Tu, tu, tu. Kadi imekwisha.

Usimcheke. Wewe ukiulizwa khabari za huko, unajua kujibu "mbaya"? Kwetu hata mwenye maiti ndani hujibu njema kwanza, kisha akavuta pumzi, ndipo akasema ila. Ubaya ni kwamba kadi ya simu ya Wazungu haijui kungojea ila.

Mara ya sita. Resti akaweka bakuli sakafuni, akakimbia. Na mbioni akaapa kiapo cha pili: leo salamu hakuna.

Kando ya simu redio kaseti ilikuwa tayari, kanda ndani, imerudishwa mwanzo.

Hiyo ilikuwa akili ya bibi mwenyewe. Juzi, Jumanne, sauti ingalipo, aliona kwamba simu ya tatu huenda ikamkuta hayupo.

"Resti, lete redio kaseti."

"Unataka taarabu, bibi?"

"Taarabu ya nini, nnakufa. Nnataka kusema na mwanangu. Siye na jamaa zetu wa Unguja barua zetu miaka yote ni za kanda. Tia kanda."

Kanda mpya haikuwamo nyumbani. Resti akapekua droo, akaokota moja kuukuu isiyo na jina. Alipokuwa anaitia, bibi akauliza jambo lisilohusika kabisa.

"Ile barua ya kwenu inasemaje?"

"Ya kaka yangu Godson? Anasema mama hajainuka bado. Anauliza mimi nakuja lini."

"Na ruhusa yako ilikuwa lini?"

"Januari, bibi. Bwana akasema ningoje mpaka warudi safari. Wewe ungebaki na nani?"

Bibi akakunja ncha ya shuka, akaikunjua.

"Bonyeza," akasema. "Kisha toka, ufunge mlango. Haya ni ya mama na mwana."

Resti akabonyeza, akatoka. Saa nzima baadaye aliitwa. Kitufe kilikuwa kimekwisha kuruka chenyewe, na bibi alikuwa hoi, lakini uso umetulia. "Khalas," alisema. "Nimemwambia yote. Akipiga, na mimi sipo, msikilizishe."

Resti hakuisikiliza ile kanda. Mambo ya mama na mwana hayachunguliwi.

Akanyanyua simu.

"Bwana Saeed, usinisalimie."

Upepo wa Ulaya ulisikika ndani ya waya.

"Resti? Ndo adabu gani hiyo?"

"Nakuomba bwana, leo tusisalimiane. Msikilize mama yako."

Alikuwa ameshapima. Kadi haifiki dakika tano. Radhi kwanza, ugonjwa baadaye. Akabonyeza kitufe, akaubandika mkono wa simu kwenye spika ya redio kaseti.

Sauti ya Bi Mahbuba ikajaa sebuleni, nzima, ya mtu mwenye miaka yake yote na meno yake yote.

"Bismillahi. Saeed, mwanangu, mie mamako. Hujambo? Umeamkaje? Mie sijambo, alhamdulillahi. Nnakula, nnalala, miguu tu ndo ile ile."

Resti akaigeukia redio.

"Balqees hajambo? Mwambie namsalimu. Mwambie asivue soksi."

Kutoka kwenye tundu la simu kikasikika kisauti chembamba cha mwanamume wa miaka hamsini na minane anayelia. "Mama? Mama, ni weye? Unasema nami, mama? Hatujambo sote. Balqees huyu hapa kavaa makoti matatu."

"Sema lile, bibi," Resti akaiambia redio. "Sema lile, salamu zatosha."

Redio haikusikia. "Jirani zetu wote wanakusalimuni. Mama Samir anakusalimu. Samir mwenyewe anakusalimu, keshapona tetekuwanga."

"Mto umefurika, mama," kikasema kisauti. "Theluji imeyeyuka milimani, maji yamepanda, meli haipiti chini ya daraja. Wametufunga kamba hapa siku ya tatu, kijiji jina lake mie siwezi kulitamka. Tumepewa safari ya meli, tunatembezwa kwa mabasi. Asubuhi kanisa, mchana kanisa. Miti haina hata jani, utadhani imeungua. Na wenzetu wote vizee vya Kijerumani, kimoja kina miaka tisini, kinamtaka Balqees wacheze dansi."

"Na Wadha wa Yiti anakusalimu. Keshajifungua, mtoto wa kiume. Ijumaa waliniletea nguru, mkubwa, tukampika wa nazi."

"Wa nazi," kikasema kisauti, na kikacheka katikati ya kilio. "Huku ni viazi, mama. Viazi asubuhi, viazi jioni."

Resti akaunyakua mkono wa simu. "Bwana Saeed, nisikilize. Hiyo unayosikia ni kas..."

"Resti, usimkatize mama. Mrejeshee simu."

"Bwana, bibi hasemi, bibi..."

"Hasemi vipi na mimi nnamsikia? Ondoka hapo, mtu asema na mamake. Mama, nsikilize. Wametupa khiyari. Turudi Jumamosi hii, au tungojee maji yapungue, tufike mpaka Budapest, turudi Jumatano. Mie nilitaka nirudi. Roho ilikuwa haikai, kwa lile neno la mlangoni. Lakini sasa nshakusikia, u mzima, unakula, unalala. Basi tutangojea Jumatano. Nnakuletea shali ya sufu, mama, ile..."

Tu, tu, tu.

Resti akabaki na simu mkononi. Kando yake Bi Mahbuba wa kwenye kanda aliendelea kuwasalimu watu.

Haya, tuhesabu mambo yalivyo. Kabla ya simu hii Saeed alikuwa anarudi kesho kutwa, moyo una mashaka. Baada ya simu hii anarudi Jumatano, moyo mweupe, na shali. Hakuna adui angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko yule msichana mwema aliyempenda bibi.

Mlango wa nje ukafunguka kwa kishindo. Aliingia Muhsina, mtoto wa dada yake Bi Mahbuba, jirani wa ukuta kwa ukuta, abaya lake limejaa vumbi na uso umeng'aa.

"Alhamdulillahi," akasema akihema. "Nnamsikia toka uani. Khalati kafunguka ulimi."

"Ni kaseti, Bi Muhsina."

Muhsina akasimama. Akasikiliza kidogo. Uso ukazimika, akakaa kwenye kiti cha karibu bila kutazama kama kipo.

"Na namba ya simu ya meli?" akauliza Resti. Asubuhi ile Muhsina alikuwa amechukua teksi mpaka Hamriya, kwa Sleiman, wakala aliyewakatia akina Saeed tiketi zao. Balqees aliondoka na karatasi zote mkobani. Sleiman peke yake ndiye mwenye namba.

"Namba gani. Kafunga. Kabandika karatasi mlangoni: tumekwenda Hijja, tutafungua baada ya Idi. Nimegonga mpaka fundi cherehani wa duka la pili katoka kunambia, mama, utavunja mkono, mtu yuko Makka."

"Hakuna mwengine anayejua?"

"Kaondoka na funguo, kaondoka na mkewe, kaondoka na karani. Wallahi hata paka hakumwacha."

Resti akamweleza yaliyotokea kwenye simu. Alieleza yote, hakujipunguzia. Muhsina alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya shela.

"Jumatano," akasema mwishowe. "Khalati hafiki Jumatano, Resti. Hafiki hata kesho. Na akitutoka, hatumweki. Kabla ya jua kuchwa keshazikwa."

"Najua."

"Saeed atakuja na shali yake, amfunge nani?"

Resti akanyoosha mkono aizime redio.

"Iache," akasema Muhsina. "Sauti yake hiyo. Mwenyewe hasemi tena, basi iseme. Twende nayo ndani aisikie."

Wakaibeba redio kaseti mpaka chumbani, waya unaburuza, wakaichomeka kando ya kitanda. Bi Mahbuba alisikia sauti yake, na jicho la kulia likafunguka likaitafuta. Wakakaa watatu hao wakasikiliza. Sijui kama umewahi kumwona mtu anaambiwa na nafsi yake kwamba hajambo. Usiombe.

Kanda ikawasalimu watu wa Ghubra, nyumba kwa nyumba. Ikavuka bahari ikawasalimu wa Unguja, mtaa kwa mtaa. Ikauliza hali ya goti la fulani na kesi ya kiwanja cha fulani. Ikafika kwa marehemu Hamoud, babake Saeed. "Babako nimemuota, kavaa kanzu nyeupe, anakusalimu na yeye."

"Ya Rabbi," akanong'ona Muhsina, "sasa kaanza maiti."

Siku nyingine Resti mwenyewe angecheka. Alikuwa anaitazama kanda. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki uzi mwembamba kama pete.

Ndipo sauti ikakohoa, ikabadilika.

"Sasa, Saeed."

Bi Mahbuba kitandani akashika shuka kwa mkono wake mzima.

"Lile neno nilokwambia mlangoni, nimelirudisha. Mama akikasirika husema. Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera, ulipo na utakapokuwapo."

Muhsina akaanza kulia kwa sauti. Resti akapiga ishara ya msalaba bila kujua kama amepiga. Neno lipo. Lipo, limenaswa, halipotei tena. Bwana Saeed akifika hata Jumatano, hata mwakani, atalikuta na sauti yake.

"Lakini radhi hii," ikaendelea kanda, "nnakupa kwa sharti moja. Bila ya sharti hilo, hesabu kama sikusema kitu. Na sharti lenyewe, Saeed, nataka..."

Tak.

Kitufe kikaruka.

Wakatazamana. Resti akaichomoa kanda, akaigeuza, akabonyeza. Upande wa pili ukalipuka vigelegele, ngoma, na watoto wakipigana kwenye maikrofoni. Ilikuwa harusi ya Saeed na Balqees, miaka thelathini nyuma ya leo. Bi harusi alikuwa anacheka mahali fulani karibu sana.

Akaizima.

Hapo akakumbuka kile kitufe cha Jumanne kilichokuwa juu alipoingia. Bibi hakujua kugeuza kanda. Alikuwa amelala amefumba macho, anasema na mwanawe, na mashine ilikwisha kulala zamani. Sharti alilisema lote, kwa utulivu, kwa kirefu. Alikiambia chumba.

Salamu zilikuwa zimekula upande mzima, zikabakisha mkia.

Resti akapiga magoti kando ya kitanda. "Bibi. Sharti gani? Unanisikia? Ni pesa? Ni nyumba? Ni Bi Balqees? Finya mkono wangu nikitaja."

Mkono haukufinya. Ulijikokota ukatoka mkononi mwake, ukapanda polepole kutoka kwenye shuka, kidole kimoja kimenyooka, kinatikisika. Kikapita usawa wa redio. Kikapita kabati. Kikamkuta Muhsina, kikampita.

Kikasimama kwa Resti.

"Anakutaja weye," akasema Muhsina.

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

Muhsina alikuwa amechoka, ana vumbi la Hamriya kooni, na mtu aliyechoka haokoti maneno yake vizuri. "Kwani nani alomwambia mwanawe 'hajambo' mara mbili? Nani leo kampigia kanda mpaka akaamua kukaa?"

Resti alikitazama kile kidole, na alichokiona mwishoni mwake ni hukumu. Hakuikumbuka ile barua ya Godson, wala ile shuka iliyokunjwa ikakunjuliwa. Wewe msomaji umekaa kwenye kiti chako, unakumbuka. Yeye alikuwa amepiga magoti.

"Nisamehe, bibi," akasema. "Nilikuwa nasalimia tu."

Jicho kali lilimtazama kwa hasira, ile ya mtu anayeeleza jambo rahisi na haeleweki. Kidole kikamgonga kifuani mara moja, kwa ncha. Kisha kikaelekea dirishani, huko nje, mbali. Kikashindwa. Mkono ukaanguka juu ya shuka na haukuinuka.

"Bibi?"

"Ngoja," akasema Muhsina. "Ngoja, nipishe."

Simu ikalia.

Resti alitoka kinyumenyume, macho yake hayajabanduka kitandani. Mlango ukabaki wazi. Akanyanyua.

"Resti," ikasema sauti ya Saeed, changamfu, ina upepo ndani yake. "Laini ilikatika. Kile kizee cha dansi kimeniazima kadi yake, imebakia dakika moja tu. Mama nshasema naye, nimepiga nimalizane nanyi." Akavuta pumzi, kama mtu anayekaa vizuri kitini. "Enhe. Khabari za huko?"

Kule chumbani Muhsina alikuwa ameinama juu ya kitanda, mgongo wa kiganja chake umekaribia pua ya Bi Mahbuba, anangoja. Alikuwa bado hajageuka.

Resti akafungua mdomo.